Jinsi ya kuamua picha zifunguke kwa programu ipi kwenye kompyuta

Mama mmoja aliingia steshenari ninakofanya kazi, fleshi ameifunga kwenye pindo la khanga. Kijana wake alikuwa anaomba chuo, picha ya pasipoti ilishapigwa studio, na maombi yalikuwa yanafungwa kesho yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa simu nione skrini ya laptopu ya jirani aliyoipiga picha. Walipobofya ile picha ya kijana, ulikuja ukurasa mweupe uliojaa alama zisizosomeka. Mstari wa juu kabisa ulianza hivi: ÿØÿà, na mbele kidogo herufi JFIF.

"Mwanangu, picha imekufa?"

Nikachomeka fleshi kwenye kompyuta yetu, nikabofya mara mbili. Kijana akatokea, shati jeupe, kola imenyooka. Picha ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichoharibika ni mpangilio wa ile laptopu: kuna mtu aliwahi kuiambia, pengine bila kujua, kwamba kila faili ya .jpg ifunguliwe kwa Notepad, programu ya kuandikia maneno. Faili ya JPEG ikifunguliwa humo huanza kwa ÿØÿ. Ya PNG huanza kwa ‰PNG. Ukiona alama hizo usitishike, na tafadhali usibonyeze "Save". Notepad ikihifadhi faili ile huiandika upya kama maandishi, na hapo ndipo picha huharibika kweli. Funga dirisha tu, kisha fuata mwongozo huu.

Majina ya vitufe na menyu nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu kompyuta nyingi tunazotumia ziko kwa Kiingereza na ndiyo maneno utakayoyatafuta.

Kompyuta inaamuaje

Unapobofya faili mara mbili, Windows haiangalii kilichomo ndani. Inaangalia mkia wa jina, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho: .jpg, .png, .gif. Mafundi huuita ekstensheni; hapa nitauita mkia. Windows ina orodha yake inayosema mkia huu ni wa programu hii, mkia ule ni wa programu ile. Programu iliyopewa mkia ndiyo chaguo-msingi la mkia huo.

Watu wengi hukwama hapa: orodha hiyo inakwenda mkia kwa mkia. Ukirekebisha .jpg, .png inabaki ilivyokuwa. Hata .jpg na .jpeg, ambazo ni aina ileile ya picha, Windows huzihesabu mikia miwili tofauti. Zamani, enzi za DOS, mkia haukuruhusiwa kuzidi herufi tatu, ndiyo maana .jpeg ikakatwa ikawa .jpg, na yote mawili yametufuata mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilibadilisha, lakini nyingine bado zinafunguka kule kule", mara nyingi amerekebisha mkia mmoja tu.

Mikia ya picha utakayokutana nayo sana ni .jpg na .jpeg za kamera na WhatsApp, .png za picha za skrini na nembo, .webp na .jfif ambazo huja ukihifadhi picha kutoka mtandaoni, .heic za iPhone, .gif, .bmp, na .tif za skana.

Onyesha mikia kwanza

Windows kwa kawaida huficha mikia. Faili iitwayo pasipoti.jpg utaiona imeandikwa "pasipoti" tu, na huwezi kurekebisha usichokiona.

Kwenye Windows 11, fungua folda yoyote, bofya "View" juu, nenda "Show", kisha weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10, bofya kichupo cha "View" na uweke tiki kwenye kisanduku cha "File name extensions".

Acha tiki hiyo hapo daima, kwa usalama wako pia. Faili inaweza kuitwa picha_ya_harusi.jpg.exe. Mikia ikiwa imefichwa, utaona "picha_ya_harusi.jpg" na kikatuni cha picha pembeni, kumbe ni programu inayosubiri uibofye ianze kazi yake chafu. Steshenari yoyote inayopokea fleshi za watu kutwa nzima inapaswa kuwa na tiki hiyo kwenye kila kompyuta.

Jambo jingine: kubadilisha mkia kwa kuandika jina upya hakubadilishi picha. Ukiigeuza .heic iwe .jpg kwa kuandika jina jipya, ndani bado ni ileile. Ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Ukitaka kuigeuza kweli, ifungue kwa programu inayoisoma kisha tumia "Save as".

Chagua programu ya kutazama, ya kuhariri iache pembeni

Hapa nina msimamo, na nimeufikia kwa kuhudumia foleni. Kubofya mara mbili kuwe kwa kutazama. Tuliwahi kuwa na programu kubwa ya kuhariri picha ambayo ilikuwa ndiyo chaguo-msingi la .jpg kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4. Mteja analeta picha nane achague moja ya kuprinti; ukibofya ya kwanza, programu inapakia, feni inanguruma, mteja anaangalia saa. Isitoshe, picha iliyofunguliwa kwenye programu ya kuhariri iko hatua moja tu kabla ya kuharibiwa. Mkono ukiteleza kwenye kibodi, mtu akabonyeza Ctrl+S, picha asilia ya mteja imeshabadilika.

Kwa hiyo programu msingi iwe nyepesi, ifunguke mara moja, na ikuruhusu kupita picha moja hadi nyingine kwa vitufe vya mshale. Siku unapotaka kuhariri, bofya kulia, "Open with", uichague ile kubwa kwa kazi hiyo moja.

Kwa Windows, Photos inayokuja na mfumo inatosha kama kompyuta ina nguvu. Kwa mashine kongwe napenda IrfanView, ambayo imekuwepo tangu 1996 na bado ni ndogo na nyepesi mno. Ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani; kwa biashara inatakiwa kulipiwa, nasi tunaotoza watu kwa kazi tuheshimu hilo. Ukitaka isiyo na malipo hata dukani, ipo nomacs, ambayo ni programu huria na inafanya kazi Windows na Linux. Yoyote utakayochagua, ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, kisha uisakinishe kabla ya kuendelea.

Windows: njia ya haraka

1. Tafuta picha yoyote yenye mkia unaotaka kurekebisha, tuseme .jpg. Bofya mara moja tu kuichagua.

2. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake. Nenda "Open with", kisha "Choose another app".

3. Itakuja orodha ya programu. Bofya unayoitaka.

4. Kwenye Windows 11 ya sasa, chini kuna vitufe viwili: "Always" na "Just once". Bonyeza "Always". Kwenye Windows 10, kabla ya kubonyeza "OK", weka tiki kwenye "Always use this app to open .jpg files".

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito. "Just once" inafungua mara hii moja tu, kesho utarudi pale pale. Na "Always" ni neno la kubonyeza ukiwa umetulia. Nadhani ile laptopu ya jirani ilipatwa hivyo, mtu akiwa na haraka akabonyeza Notepad halafu "Always".

Programu yako isipoonekana kwenye orodha, shuka chini kabisa. Windows 11 imeandika "Choose an app on your PC". Windows 10 ina "More apps", halafu "Look for another app on this PC". Litafunguka dirisha la kutafutia. Programu nyingi zimo ndani ya C:\Program Files, kila moja kwenye folda yake, nawe unatafuta faili inayoishia na .exe. Kwa IrfanView ya biti 64, kwa mfano, ni i_view64.exe ndani ya folda ya IrfanView.

Kama menyu ya kulia inakusumbua, iko njia ya pembeni: bofya kulia kwenye picha, chagua "Properties", na kwenye kichupo cha "General" utaona "Opens with" pamoja na jina la programu iliyopo sasa. Bonyeza "Change". Ninaipenda njia hii ninapomwelekeza mtu kwa simu, maana namwomba kwanza anisomee jina lililoandikwa hapo, nami najua tatizo liko wapi. Ndivyo nilivyofanya na yule kijana jioni ile. Akasoma herufi moja moja: "N-o-t-e-p-a-d." Akabadilisha, akabofya picha, nikasikia kicheko upande wa pili.

Windows: kurekebisha mikia yote kwa mkao mmoja

Njia ya haraka inakulazimu uwe na picha ya kila mkia. Ukitaka kumaliza kazi yote pamoja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I kufungua "Settings", nenda "Apps", kisha "Default apps".

Kwenye Windows 11 utaona kisanduku cha kuandikia juu, "Enter a file type or link type". Andika .jpg, ukianza na nukta. Chini yake itatokea programu inayoushikilia mkia huo. Ibofye, chagua nyingine, thibitisha. Futa, andika .jpeg, rudia, kisha .png, .webp, .jfif, .gif, .bmp na .tif. Inachukua dakika chache. Ama shuka chini kwenye orodha ya programu, bofya ile unayoitaka, na utaona mikia yote ambayo programu hiyo inaweza kuisoma, kila mmoja na programu inayoumiliki sasa. Mimi hutumia hii ya pili, kwa sababu naona uliosahaulika.

Windows 10 ina njia ya mkato: hapo hapo kwenye "Default apps" kuna kipengele cha "Photo viewer". Ukibadilisha hapo, mikia kadhaa ya picha inahama pamoja. Iliyobaki utaikuta chini zaidi, kwenye "Choose default apps by file type". Kumbuka kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hatua hizi bado zinafanya kazi, ila mashine inayopokea fleshi za watu ni vizuri ihame.

Ukibadilisha halafu ikarudi yenyewe

Malalamiko haya nayasikia sana: "Jana nimeweka, leo imerudi." Sababu ni chache.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, programu haziruhusiwi kujipa mkia zenyewe kimyakimya. Windows huhifadhi uamuzi wako pamoja na alama ya siri inayothibitisha kwamba ni wewe uliyechagua. Programu ikijaribu kuuandika uamuzi huo kwa mlango wa nyuma, alama hailingani, na Windows inarudisha programu yake yenyewe na kukuletea taarifa kwamba "An app default was reset". Kwa hiyo ukiona ndani ya programu kitufe cha "Set as default" ambacho kinakupeleka tu kwenye Settings, hakijaharibika. Kazi hiyo ni lazima uifanye kwa mkono wako. Na ukisoma mahali ushauri wa kuhariri rejesta ya Windows au kutumia amri ya assoc ili kubadilisha .jpg, uache, hautashika mbele ya chaguo lililowekwa kwenye Settings.

Sababu ya pili ni kuondoa programu iliyokuwa msingi. Ukiifuta, mikia yake inabaki yatima na Windows itakuuliza upya, au itachukua programu nyingine. Sababu ya tatu ni masasisho makubwa ya mfumo, ambayo wakati mwingine hurudisha mambo yalivyokuwa kiwandani. Dawa ya zote ni ileile: rudi kwenye "Default apps" uweke tena. Ikiwa mambo yamevurugika kiasi cha kutojua pa kuanzia, chini ya ukurasa huo kuna kitufe cha "Reset". Kinarudisha chaguo zote za Microsoft, pamoja na kivinjari na muziki, siyo picha peke yake.

Picha za iPhone zinazokataa

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone huhifadhi picha kwa aina ya HEIC ili zichukue nafasi ndogo. Mteja akikuletea .heic, unaweza kuweka programu yoyote kuwa msingi na bado ikakataa, kwa kuwa kompyuta haina kisomeo chake. Hapo tatizo si chaguo-msingi. Fungua Microsoft Store, sakinisha "HEIF Image Extensions", ambayo ni ya bure. Picha za iPhone zinaweza kuhitaji pia "HEVC Video Extensions", ambayo huuzwa kwa bei ndogo.

Mwenye simu anaweza kuzuia hili tangu mwanzo: kwenye simu, "Settings", "Camera", "Formats", achague "Most Compatible". Kuanzia hapo kamera itapiga JPEG. Zilizokwishapigwa hazibadiliki.

Mac

Kwa Mac kazi ni fupi. Bofya picha mara moja, bonyeza Command na I. Kwenye dirisha litakalokuja tafuta "Open with". Kama limejikunja, bofya mshale wake. Chagua programu, kisha bonyeza "Change All" chini yake na uthibitishe kwa "Continue". Ukisahau "Change All", utakuwa umebadilisha faili ile moja tu, na hapo ndipo wengi huanza kuilaumu kompyuta. Preview inayokuja na Mac ni nyepesi na inasoma karibu kila kitu, hata HEIC. Sioni sababu ya kuhangaika na nyingine.

Linux

Linux ina tofauti nzuri: haihesabu mikia bali aina, kama image/jpeg au image/png, na .jpg na .jpeg zote ni image/jpeg. Ukirekebisha mara moja umemaliza zote mbili.

Kwenye Ubuntu na mifumo mingine ya GNOME, bofya kulia kwenye picha, "Open With", chagua programu, washa "Always use for this file type", fungua. Kwa anayesimamia mashine nyingi, kama za maabara ya shule, amri ni za haraka zaidi. Fungua "Terminal" na uulize kwanza:

xdg-mime query filetype pasipoti.jpg

Itajibu image/jpeg. Kisha uliza nani anaishika aina hiyo sasa:

xdg-mime query default image/jpeg

Jibu ni jina linaloishia na .desktop, mfano gimp.desktop. Hiyo ni GIMP, programu ya kuhariri, na ndiyo unayotaka kuihamisha. Majina ya programu zilizopo utayapata kwenye /usr/share/applications. Zilizosakinishwa kwa Snap ziko /var/lib/snapd/desktop/applications. Ukishalipata jina, weka aina zote kwa mstari mmoja. Hapa mfano ni org.gnome.eog.desktop, programu ya kutazama picha ya GNOME; wewe weka jina ulilolipata:

xdg-mime default org.gnome.eog.desktop image/jpeg image/png image/gif image/webp

Usiweke sudo mbele. Ukiweka, utakuwa umempangia mtumiaji mkuu wa mfumo, na wewe utabaki kama ulivyokuwa. Uamuzi wako unaandikwa kwenye faili ya maandishi iitwayo mimeapps.list ndani ya folda ya .config nyumbani kwako, chini ya kichwa cha [Default Applications]. Unaweza kuifungua uone, hata kuinakili kwenye mashine nyingine zenye programu zilezile.

Kompyuta ya watu wengi

Kwenye mifumo yote mitatu, chaguo-msingi ni la akaunti ya mtumiaji. Ukiingia kwa akaunti yako ukapanga kila kitu, mwenzako wa zamu ya jioni akiingia kwa yake atakuta vilevile vya zamani. Ingia kwenye kila akaunti, urudie.

Kwenye fleshi yangu nina folda inaitwa JARIBIO. Ndani kuna picha moja ileile ya embe, nimeihifadhi kama .jpg, .jpeg, .png, .webp, .gif na .tif. Nikimaliza kupanga kompyuta nachomeka, nabofya mara mbili moja baada ya nyingine, embe inatokea mara sita kwenye dirisha la programu ileile. Ikitokea mara tano, najua ni mkia upi umebaki.